Zawadi ya Mama Asiyekula Wali

Mama alipotoka mlango wa wageni pale uwanja wa ndege wa Guangzhou, macho yangu yalimpita. Nilikuwa nikimtafuta mama niliyemwacha Njombe: mwanamke mpana, anayeyumba akitembea kwa sababu ya magoti, anayesimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Aliyenijia alikuwa mama mwembamba aliyejifunga kilemba cha mama yangu. Alisukuma mzigo wake mpaka mbele yangu akanisalimu kikwetu, "Kamwene," kama watu waliokutana sokoni Njombe.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Nusu nyingine nimeiacha Njombe," akasema, akacheka.

Nilipomkumbatia, mikono yangu ilikutana mgongoni pake. Haikuwahi kukutana. Nilifurahi, tena sana, lakini ndani ya ile furaha kulikuwa na kitu kinachokwaruza. Mama yangu alikuwa amegeuka mtu mwingine, na wakati anageuka mimi sikuwepo.

Sikatai, alikuwa ameniambia. "Siku hizi nakula keto," alisema siku moja kwenye simu. Alikuwa na kisukari, na daktari wake alikubali aache wanga, mradi aende kliniki kupimwa kila alipotakiwa. Mayai, samaki, nyama, mboga za majani, na maparachichi ya shambani kwake. Ugali basi, viazi basi, wali basi. Mimi nilidhani ni jambo la kupita, kama yale maji ya mwarobaini aliyowahi kuyanywa kwa bidii halafu akayasahau. Kwenye simu ya video unaona uso tu, na uso ulikuwa wa mama yuleyule.

Kazi yangu hapa ni kununulia watu bidhaa. Wateja wangu wengi ni akina mama wenye maduka Mbeya, Iringa na Dodoma. Wakija nawatembeza kwenye maghorofa ya nguo za jumla ya Guangyuan Xilu. Wasipokuja nawachagulia mwenyewe na kuwasafirishia. Kwa hiyo kama kuna kitu najivunia, ni kujua kumchagulia mtu. Na mama alikuwa amekuja kwa mwezi mzima, na Jumatatu ya Pasaka ingemkuta kwangu. Mama alizaliwa Jumatatu ya Pasaka, na tarehe hakuijali kamwe: Pasaka ikisogea, naye anasogeza siku yake ya kuzaliwa. Mwaka huo alikuwa akitimiza sabini. Nilikuwa nimeapa kwamba nitampa zawadi itakayozungumzwa kanisani kwao hadi Krismasi.

Nyumbani kwangu, Haizhu, meza ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimekwenda duka la Wakongo kutafuta unga wa ugali, nikapika na wali wa nazi, nikasukuma chapati, nikakaanga viazi. Moyoni nilisema keto ni ya Njombe. Kwa mwanawe atakula. Mama alipoiona meza alinishika mkono. "Umehangaika, mwanangu," akasema. Kisha akajipakulia mboga za majani na mayai mawili, akala polepole akizisifia zile mboga, huku ugali wangu ukiota ganda.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa msichana wa Tanga, jirani yetu wa ghorofa ya juu. Tulikuwa tukisalimiana kwenye lifti, basi. Alikuwa akisomea uzamivu wa ujenzi wa madaraja, na alipanga chumba pale kwetu kwa kuwa hosteli ya chuo ilikuwa kwenye ukarabati. Alikuwa amesikia nimepata mgeni kutoka nyumbani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuamkia, isije ikasemwa huku China tumepoteza adabu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwanangu. Mama alifundisha shule ya msingi maisha yake yote na humwita kila mtu hivyo, hata kondakta wa basi. Neno lile halikunigusa. Kilichonigusa kilifuata. Yule msichana aliitazama meza, akaitazama sahani ya mama, akasema, "Mama hutumii wanga?"

"Umejuaje?"

"Nilishafuata miye. Nilivumilia vyote, nikashindwa na mkate wa kumimina."

Wakacheka wote wawili. Wakaanza kuulizana: mayai unakula mangapi, tui la nazi je, kichwa kilikuuma wiki ya kwanza? Walizungumza kama watu waliokunywa maji ya kisima kimoja. Mimi nilisimama nikaanza kuondoa vyombo. Nikitafuta wivu wangu ulianzia wapi, naona ulianzia pale, nikiwa na bakuli la ugali usiokatwa mkononi.

Siku chache baadaye nikapata wazo la kwanza la zawadi. Guangzhou kuna soseji kavu nyekundu zinazoning'inizwa madukani kwa kamba, wenyeji wanazipenda mno. Nikajiambia: nyama na mafuta, wanga uko wapi hapo? Nikanunua pakiti nzuri ya sanduku, ya kupeleka hata kwa wageni. Nikachemsha moja, nikamkatia mama kipande. Akatafuna, akaacha.

"Mbona tamu?"

"Ni utamu wa nyama, mama."

Msichana wa Tanga alikuwa kaketi pale, amekuja kumchukua mama wakatembee kando ya mto. Soseji ile ilikuwa ya nguruwe, kwa hiyo aliivuta pakiti kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, akasoma. "Dada, sukari hiyo imeandikwa. Tena iko juu kwenye orodha, si kidogo."

"Iko wapi?"

Akanionyesha. Niliona vijumba vya wino tu. Kichina changu ni cha sokoni. Namjua laoban, ndiye mwenye duka; najua kumwambia tai gui, umeniuzia ghali; najua mei you, yaani hamna, neno ninaloambiwa kila siku na sasa nalisema mimi pia. Kwa maneno hayo nimeishi mji huu miaka mingi na sijalala njaa. Lakini kusoma sisomi. Mama alitoa kile kipande mdomoni kwa adabu, akakifunga kwenye karatasi laini, kisha akamtazama yule msichana kwa macho niliyoyajua. Ni macho aliyokuwa akiwatazama wanafunzi waliofaulu. Mimi nilikuwa darasani kwake nikiwa darasa la tatu, na alinikalisha nyuma kabisa ili asionekane ana upendeleo. Macho yale nilikuwa nikiyaona kwa ubavu, yakienda kwa wengine.

Kisha maonyesho ya biashara ya Pazhou yakaanza na wateja wangu wakashuka. Nilitoka asubuhi, nikarudi miguu imevimba. Yalikuwa yale majira ya unyevu, kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki, na kila niliporudi nilimkuta mama na habari mpya, na kila habari ilikuwa na yule msichana ndani yake. Leo wamekwenda kwa Waislamu wa kaskazini wanaochoma mishikaki ya kondoo. Mama kala nyama, mkate kaacha. Leo wamekwenda bustanini wakaangalia wazee wakicheza. Leo msichana kapika samaki wa nazi, mama kanywa mchuzi kwa kijiko mpaka bakuli likabaki jeupe.

Nami nikanunua samaki, nikanunua nazi, nikapika. Mama alikula vizuri, alikula wote. "Mtamu," akasema. Nikaketi. Halafu akasema, "Mwenzio ndimu anaitia mwishoni, sufuria ikishatoka motoni."

Kulikuwa na dirisha pale karibu. Nikajifanya naangalia mvua.

Jioni moja nilimkuta mama kasimama mlangoni akinisubiri, uso unang'aa. Shingoni alikuwa amening'iniza kijifuko, na ndani yake mlikuwa na kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja, imefunikwa nailoni, ina mwandiko wa Kichina. Msichana wa Tanga alikuwa amemwandikia: mama huyu hali wali, hali tambi, hali unga wala sukari, na tafadhali mchuzi wake msiufanye mzito kwa wanga. Mchana ule mama alishuka peke yake mpaka mkahawa wa chini, akaonyesha kadi, akaletewa samaki wa mvuke mwenye tangawizi na majani ya kijani.

"Nimeagiza mwenyewe!" akasema. "Hapa China! Mwenyewe!"

"Hongera, mama."

"Na yule mpishi alitoka jikoni kuja kuniona. Akaisoma kadi, akaniamkia kwa kichwa."

Mimi nimempa mama jokofu. Nimempa televisheni, makochi, kiti cha umeme cha kukanda mgongo. Jokofu analiombea kwenye sala, nimemsikia. Lakini sijawahi kumwona ananisubiri mlangoni kwa ajili ya jokofu. Usiniulize nilijisikiaje juu ya kile kipande cha karatasi. Nilitamani kiloe.

Hivyo nilipokuwa Pazhou na mteja wangu mmoja, kwenye ukumbi wa vyombo vya jikoni, na muuzaji akavuta droo ya mashine nyeusi inayong'aa, akatoa paja la kuku la rangi ya dhahabu, nilisimama. Mashine ya kukaangia kwa upepo wa moto. "Hakuna mafuta! Afya!" akasema kwa maneno machache aliyokuwa nayo na kidole gumba juu. Nikaona zawadi yangu. Sikuweza hata kuingoja Pasaka. Niliipakata kwenye treni ya chini ya ardhi, watu wakinikanyaga, nikafika nikaiweka mezani mbele ya mama, na kwa bahati, yaani kwa bahati mbaya, msichana wa Tanga alikuwepo.

Mama aliligeuzageuza boksi. Kulikuwa na picha ya tone la mafuta lililopigwa mkasi.

"Hii inapika bila mafuta?"

"Ndiyo mama. Kabisa."

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mafuta ndiyo chakula changu siku hizi."

Msichana wa Tanga akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilimwona. Alijitahidi sana asicheke na mabega yakamsaliti. Mama akaharakisha kusema kwamba itafaa, ataokea samaki, ataweka siagi juu yake. Lakini boksi lilisukumwa chini ya kitanda, na mimi nikaingia bafuni nikafungua maji yaende tu.

Baada ya pale nilikuwa nikisikiliza kila neno. Mama akisema "sisi", nilitaka kujua ni sisi gani. Akisema "tulicheka", nilitaka kujua kilichochekwa. Kwa mteja wangu nilikuwa nasema bei huku akili iko nyumbani, inamwona mama kakaa na binti wa mtu.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu nilikuwa napandisha mafurushi ya nguo za watoto kwenye lifti, naye akaingia. Akanisaidia kusukuma. Lifti ilipofunga mlango akasema, "Dada, mama leo akiwa mnyonge usimshangae. Jana wamempigia, kidonda cha mama mdogo kimefunguka tena."

"Kidonda gani?"

"Cha mguuni." Kisha akaona uso wangu. "Kile… cha pale walipomkata."

Mama mdogo ni mdogo wake mama, wanafuatana. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba alilazwa kwa ajili ya sukari, akaruhusiwa, anaendelea vizuri. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Sasa nikiwa nimeegemea furushi nikamsikiliza mtu wa Tanga akinieleza habari za ukoo wangu: kwamba mguu wa mama mdogo ulikatwa chini ya goti, kwamba mama ndiye aliyekuwa naye wodini, akimshika kichwa alipozinduka, kwamba aliporudi kwake alikaa nje kwenye ngazi, akavua viatu, akaitazama miguu yake mpaka jirani akaja kumuuliza kama kuna msiba. Ndilo juma alilokwenda kumwambia daktari kwamba anataka kuacha wanga.

Lifti ilifika, mlango ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena. "Nilidhani unajua, dada," akasema. "Naapa nilidhani unajua." Na nilimwamini, na kumwamini ndiko kulikoniuma, kwa kuwa hakuwa na kosa la kumshikia.

Mama alikuwa kibarazani, anaanua nguo ambazo zilikuwa mbichi bado.

"Kwa nini umemwambia yeye?" nikasema hata kabla ya kumwamkia.

"Nimemwambia nani?"

"Mama mdogo amekatwa mguu, na mimi nasikia kwenye lifti! Kwa mtu baki!"

Mama aliikunja shuka aliyokuwa nayo, pembe kwa pembe. "Una wivu," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo. Nina wivu. Tangu siku ile ya kwanza aliyoingia hapa nina wivu mpaka siwezi kula."

"Nimeona." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nilipokwambia magoti yananiuma, ulifanya nini?"

"Nilikutumia kiti cha kukanda."

"Nilipokwambia nyumba imekuwa kimya?"

Nikajua anakonipeleka. "Televisheni."

"Wewe ukisikia shida unanunua. Tena unanunua vizuri, Mungu akubariki. Sasa mguu wa mdogo wangu ungeninunulia nini? Yule mtoto hana cha kunipa. Nikimwambia naogopa, anakaa tu."

Nilitaka kumwambia kwamba vile vitu ndivyo kukaa kwangu. Kwamba mtu aliye mbali hukaa na mama yake kwa namna hiyo. Nikasema tu, "Lakini mimi ndiye mwanao."

"Ndiyo maana." Akanielekezea kidole chini, kwenye vigae, nilikosimama bila viatu. "Wewe miguu yako ni yangu. Tazama. Kidole gumba hicho, kisigino hicho. Na mdogo wangu ni hivyohivyo. Yule mtoto nikimwambia, nampa habari. Wewe nikikwambia, nakutisha na mwili wako mwenyewe. Nilishindwa."

Tukaitazama miguu yangu. Alishika mlingoti wa kuanikia ili ainuke, na sketi ikamteleza. Akaidaka kwa haraka, na pini iliyokuwa imeibana kiunoni ikaruka ikaanguka kwenye vigae. Nikaiokota. Ilikuwa pini kubwa ya nepi, imepinda kwa kubanwa sana. Nikainua blauzi yake kidogo. Sketi ilikuwa imekunjwa na kukunjwa tena, kiuno kizima kimejaa matuta.

"Mama, nguo zote ziko hivi?"

"Zote."

"Kwa nini hukupeleka kwa fundi?"

"Naogopa. Nikishazipunguza zote, halafu mwili ukarudi je? Watanicheka. Bora nibane."

Karibu mwezi mzima, mimi ninayejua nguo kuliko kitu kingine chochote duniani, nilikuwa nikihangaika na soseji. Jumamosi nilimwambia mteja wangu apumzike, nikamchukua mama tukaenda Kangle.

Kangle ni kijiji kilichomezwa na mji, vichochoro vyembamba, karakana za kushona juu na chini, pikipiki zinazopita na majora ya vitambaa huku zikikupigia honi mgongoni. Kwanza tulipita soko la vitambaa lililo jirani. Mama alichagua mwenyewe kitambaa cha rangi ya zambarau chenye maua madogo, akakisugua kwa vidole kama anavyosugua unga kujua umesagwa vipi. Kisha tukaingia kwa fundi wangu, mama mmoja wa Hubei anayenishoneaga sampuli. Alitaka kumpima mama. Nikamwomba futi ya kupimia, nikapima mwenyewe.

Nyuma ya pazia mama alivua blauzi, akajikunyata. "Ngozi imebaki," akasema, "haina pa kukaa." Ilikuwa imelegea mikononi na tumboni. Niliona mfupa wa bega ambao sikujua mama yangu anao. Nikapima bega, nikapima kifua, nikapima kiuno mara ya pili kwa kuwa sikuamini. Nikapiga magoti kupima urefu, na miguu yake ikawa mbele yangu, safi, imepakwa mafuta hadi katikati ya vidole, kila ukucha umekatwa kwa uangalifu. Nikabaki pale chini. Cherehani zilikuwa zinanguruma pande zote, mtu angeweza kusema lolote bila kusikiwa.

"Ilikuwaje, mama?" nikamuuliza. "Siku ile ya mama mdogo."

Akanisimulia. Alianzia mbali, alianzia na kidonda kidogo cha kukwaruzwa na jembe, akaenda nacho mpaka wodini, na mimi sikumkata. Mambo mengine nitayaweka kwangu. Alipomaliza alisema, "Inuka sasa, utakufa ganzi miguu."

Fundi nilimpa agizo moja alilolirudia mara mbili ili kuhakikisha: kwenye mishono ya ndani abakize kitambaa kingi, pande zote, kisichokatwa. Nikamfasiria mama. "Ukinenepa itafunguliwa. Ukipungua zaidi itabanwa. Haitakucheka ukiwa vyovyote."

Mama aliuingiza mkono ndani ya nguo ya sampuli iliyokuwa pale, akaushika mshono, akaelewa. Alinitazama. Sitasema yalikuwa macho gani. Mimi nilikuwa nimekaa mbele safari hii, yalinifikia moja kwa moja.

Halafu akaharibu. "Kitambaa kimebaki?"

"Kimebaki."

"Basi mshonee na mwenzio. Pasaka tuvae sare, watatu."

Damu ikanipanda. "Mama, yule ni Mwislamu. Pasaka si yake."

"Kwani nguo imebatizwa?"

Yule mama wa Hubei, ambaye hakuelewa neno hata moja, alicheka kwa namna mama alivyolisema. Nikashindwa. Siku ileile nilimpandia msichana wa Tanga ghorofani na futi shingoni. Alifurahi mpaka akaona aibu. Nilimshonesha mikono mirefu na urefu wa kufika chini kama anavyopenda, na nilimshonesha vizuri, maana nguo ikitoka mkononi mwangu jina ni langu. Ila nitasema ukweli: nilipogundua kwamba bega lake la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, nilifurahi.

Jumatatu ya Pasaka tuliketi watatu kwa zambarau. Msichana alileta keki ya lozi na mayai aliyoioka bila chembe ya sukari, mama akala vipande viwili, na mimi nikala changu kimya kwa kuwa ilikuwa tamu kweli. Tulimwimbia. Kila baada ya muda mama aliinuka akaenda kujitazama kwenye kioo cha ukumbini, akageuka ubavu, akapitisha kiganja kiunoni palipokuwa laini sasa, akarudi kuketi bila kusema kitu. Nilikuwa namhesabia furaha zile kama mtu anayelinda shamba lake.

Aliondoka juma lililofuata. Jumatatu baada ya hapo alinipigia nikiwa Guangyuan Xilu, ndani ya ghorofa la nguo za watoto, mteja kanisimamia kando.

"Nimeivaa kanisani jana," akasema. "Wamenizunguka. Wananiuliza nani kakushonea. Nimewaambia, wanangu wa China."

"Wanangu?"

"Wanangu."

Mchukuzi alikuwa anakuja na furushi limemzidi kimo, anapiga kelele apishwe. Nikajibana ukutani. "Vizuri, mama," nikasema. Nikamuuliza hali ya mama mdogo, akaanza kunieleza, na mteja nikamwonyesha kwa mkono aningoje.

Jioni nilipofika, msichana wa Tanga aligonga. Alitaka kujua kama nguo imesifiwa.

"Imesifiwa sana," nikamwambia. Lile la wanangu nililibana. Nililiona kama langu, nimelipata kwa jasho, kwa nini nimgawie?

"Ndiyo, hata mimi kaniambia," akasema akitabasamu. "Kasema wanangu wa China. Nikalia, dada."

"Alikupigia lini?"

"Leo asubuhi."

Mimi alinipigia mchana. Nikamwambia aingie aketi, nikaenda jikoni kuweka maji ya chai, na nikiwa kule peke yangu, nimeshika kibiriti, nikacheka kwa hasira.